BUNDUKI, MAJI NA ULIMI: Mchezo wa video unaopima utu wa mtu

Ijumaa moja baada ya Alasiri nilipita kwa dada yangu, hapa Mombasa, nikamkuta amekasirika. Hata kahawa haijamiminwa, alininyoshea kidole mlango wa chumba cha mwanawe.

"Kaka, ingia humo ukaseme naye," aliniambia. "Tangu jana ni milio ya bunduki tu. Shule amemaliza, kazi hajapata, na sasa amegeuka askari wa kwenye kioo. Mimi hanisikii. Usipomwonya wewe mjomba wake, nitaiuza hiyo kompyuta."

Nikaingia na karipio langu tayari. Kijana akainuka, akanishika mkono, "Shikamoo, mjomba," akanivutia kiti. Kwenye kioo palikuwa na mji uliobomoka, na kati ya magofu yake mtu mdogo aliyevaa nguo za samawati. Hakuwa akipigana na yeyote. Alikuwa akitafuta vyuma chakavu.

"Niwie radhi kidogo, mjomba," alisema mpwa wangu. "Hicho kidude ninachokitaka kiko hapa. Lakini nikikichukua niende zangu, wenyeji wa mji huu watabaki na kiu. Nataka kwanza niwatengenezee pampu yao ya maji."

Karipio likanikauka mdomoni. Nilikuwa nimekuja kumkanya muuaji, na hapa nimemkuta fundi wa bomba. Basi nikaketi, na sikuinuka mpaka adhana ya Magharibi. Niliyoyaona jioni ile, na niliyoyasoma baadaye kwa kutaka kujua zaidi, ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo wasomaji wapenzi, hasa nyinyi wazazi ambao husikia milio ya bunduki nyuma ya mlango na hamjui ndani mna nini.

DUNIA BAADA YA MOTO

Mchezo huo unaitwa Fallout. Jina lenyewe ni la lile vumbi la sumu linaloshuka kutoka angani baada ya bomu la nyuklia kulipuka. Ulitolewa nchini Marekani mwezi wa Oktoba mwaka 1997 na kampuni iitwayo Interplay, na miongoni mwa walioutengeneza ni Tim Cain, aliyeandika programu yake, pamoja na wasanii Leonard Boyarsky na Jason Anderson. Haukuwa wa kwanza wa aina yake. Mwaka 1988 kampuni hiyo hiyo ilitengeneza mchezo wa Wasteland, ambamo mchezaji huongoza kikosi cha walinzi katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani baada ya vita vya nyuklia. Ndio ulioacha njia ambayo Fallout iliifuata.

Michezo hii huitwa ya baada ya maangamizi. Tusichanganye mambo hapa. Maangamizi hayo si Kiyama, maana Kiyama kina Mwenyewe na siku yake haijui mtu. Haya ni maangamizi ya mikono ya binadamu. Katika hadithi ya Fallout mafuta yanakuwa haba duniani, mataifa makubwa yanagombania kilichosalia, na tarehe 23 Oktoba mwaka 2077 mabomu yanaruka pande zote. Kwa muda wa saa chache tu miji yote inakuwa majivu.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 na jingine Nagasaki tarehe 9 ya mwezi huo huo. Katika miaka ya 1950 watoto wa shule za Marekani walifunzwa kujificha chini ya madawati ati wapate kuokoka. Oktoba mwaka 1962, wakati wa mvutano wa makombora ya Urusi kisiwani Cuba, dunia nzima ilikaa roho juu. Watengenezaji wa Fallout waliichukua sura ya miaka hiyo ya 1950, magari yake, matangazo yake ya biashara na matumaini yake ya ujinga, wakaionyesha ikiwa imeungua.

Baadhi ya watu, kwa mujibu wa hadithi, waliokolewa katika mahandaki makubwa chini ya ardhi. Katika handaki nambari 13, huko California, vizazi vimezaliwa na kufa bila ya kuliona jua. Mwaka 2161 kidude kinachoendesha mtambo wao wa kusafisha maji kinaharibika. Mtu mmoja anachaguliwa atoke nje akatafute kingine, na amepewa siku 150. Zikipita hajarudi, watu wake wote watakufa kwa kiu. Mtu huyo ndiye mchezaji.

Angalieni basi jambo hilo: hakutumwa kuua mtu wala kuteka mji. Ametumwa maji. Sisi tuliozoea kuona foleni za mitungi mferejini wakati maji yakikatika, tunajua uzito wa kazi hiyo.

KUMJENGA MTU KWA ALAMA 40

Kabla ya kutoka nje, mchezaji humjenga mtu wake. Hapa ndipo mpwa wangu aliponieleza kwa kirefu, na macho yake yakang'aa kama ya mvuvi anayeeleza habari za nyavu.

Asili ya jambo hili ni michezo ya mezani iliyoanza Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Watu walikaa kuzunguka meza na karatasi, kalamu na dadu, kila mmoja akijivika nafsi ya mtu wa kubuni, na nguvu au akili ya mtu huyo ikiandikwa kwa tarakimu. Fallout ilikusudiwa kutumia kanuni za mchezo mwingine wa mezani, GURPS wa Steve Jackson. Lakini mwaka 1997, miezi michache kabla ya kutolewa, mapatano yalivunjika, na moja katika mambo yaliyobishaniwa lilikuwa ukatili ulioonyeshwa mwanzoni mwa mchezo. Ikawabidi watengenezaji watunge kanuni zao wenyewe kwa haraka. Wakazipa jina SPECIAL, linalotokana na herufi za kwanza za sifa saba kwa Kiingereza.

Sifa zenyewe ni hizi: nguvu, ukali wa hisi, ustahimilivu, haiba, akili, wepesi na bahati. Kila moja huanzia 5, na haishuki chini ya 1 wala haipandi juu ya 10. Mchezaji hupewa alama 5 za ziada azigawe apendavyo. Jumla yake ni alama 40. Anayetaka kuwa mkamilifu kwa kila jambo angehitaji 70, na hapewi.

Kwa hiyo ni lazima achague. Akitaka nguvu 9 ili abebe silaha nzito, atapunguza mahali pengine, pengine kwenye haiba, na watu hawatampenda. Akipunguza akili mpaka chini ya 4, mtu wake hawezi hata kuzungumza sawasawa, huguna tu. Wenyeji humwonea huruma au humfukuza, na mambo mengi ya hadithi humpita bila ya yeye kujua kama yalikuwapo. Tena akili ndiyo inayopanga kiasi cha kujifunza: kila apandapo daraja, hupewa alama 5 za ujuzi na juu yake mbili kwa kila alama ya akili. Mjinga aliyeanza na mkono mzito hujikuta mbele ya safari akiwa na ule ule mkono mzito na hana jingine.

Baada ya sifa huja stadi, nazo ni 18. Sita ni za kupigana, kuanzia bunduki ndogo mpaka ngumi. Zilizosalia ni za maisha: huduma ya kwanza, uganga, kunyemelea, kufungua kufuli, kutengeneza mitambo, elimu ya sayansi, kusema na watu, kufanya biashara, kujua njia za jangwani, na hata wizi na kamari. Mchezaji huchagua tatu ziwe ndiyo fani zake.

Kisha kuna hulka, ambazo mtu akitaka huchukua moja au mbili. Uzuri wake ni kwamba kila hulka ina faida na hasara yake. Mwenye mkono mwepesi hufyatua kwa haraka kuliko wengine, lakini hawezi kulenga kiungo maalumu cha adui. Mwenye moyo mwema huzidi katika uganga, usemi na biashara, lakini hupungukiwa katika stadi zote za vita. Hakuna neema inayotolewa bure.

Nilimwuliza mpwa wangu wake alimjengaje. Akacheka. "Mara ya kwanza nilijenga pandikizi la mtu, mjomba. Nguvu, bunduki, basi. Nikafika mji huu wa pampu sikuweza kuitengeneza, kwani ustadi wa ufundi sikuujali. Nikachukua kidude nikaondoka. Nimeuanza mchezo upya."

"Kwa nini uuanze upya na ulishapata ulichokitaka?"

"Sikupenda," alijibu kwa ufupi.

VITA KWA ZAMU

Ama kuhusu hiyo milio ya bunduki, dada yangu hakusema uongo. Vita vimo, tena vingi. Lakini si vile nilivyodhani. Nilidhani ni kubonyeza-bonyeza tu mpaka adui aanguke. Kumbe Fallout hupiganwa kwa zamu, kama bao.

Nanyi mnajua bao letu, mashimo 32 na kete 64, na wazee wawili wasiosemezana saa nzima. Mwenye pupa ya kula huacha kwake wazi. Katika Fallout uwanja umegawanywa kwa vipande vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Kila zamu mchezaji ana alama za kutenda, zinazotokana na wepesi wake. Mwenye wepesi wa 6 ana alama 8. Hatua moja hula alama 1. Kufyatua bastola ya kawaida hula 5, na akitaka kulenga jicho, mkono au mguu, hula 6. Kujaza risasi hula 2. Kufungua mkoba atafute dawa hula 4.

Sasa piga hesabu. Huyu wa alama 8 akifyatua mara moja amebakiwa na 3. Afanye nini nazo? Anaweza kurudi nyuma hatua tatu akajikinga kwa ukuta. Anaweza kujaza risasi. Au anaweza kusimama tu, maana alama ambazo mtu hakuzitumia huongezwa kwenye kinga yake hadi zamu yake irudi. Ndiyo kusema kutulia nako kumehesabiwa kuwa ni kitendo cha vita.

Humo pia mna bahati nasibu. Kila risasi huandikiwa kadiri yake ya kupata, na kadiri hiyo hutegemea umbali, mwanga, ustadi na macho ya mpigaji. Silaha inayomzidi mtu nguvu humyumbisha. Na rafiki naye ni wa kuchunga. Mapema katika safari mchezaji hukutana na bwana mmoja aitwaye Ian, ambaye hukubali kufuatana naye. Wachezaji wa Fallout dunia nzima wanamjua Ian kwa sifa moja: mpe bunduki ya rasharasha, na usipoangalia atakupiga wewe mgongoni katika kumtafuta adui. Mpwa wangu alipigwa namna hiyo mara mbili mbele ya macho yangu, nami nikacheka mpaka dada yangu akagonga mlango kuuliza kulikoni.

Kuna na mihadarati. Vidonge fulani humwongezea mtu nguvu na wepesi kwa muda wa vita, vingine humwongezea akili. Muda ukipita sifa zile hushuka chini ya pale zilipokuwa, na mtu akishazoea huwa dhaifu mpaka apate tena. Mwaka 2008 serikali ya Australia ilikataa kuipa kibali Fallout 3 kwa sababu dawa mojawapo iliitwa kwa jina lake la kweli, mofini. Likabadilishwa likawa Med-X ndipo mchezo ukaruhusiwa. Sisi wa pwani, ambao tumezika vijana kwa sababu ya unga na tunaijua arosto kwa kuiona barazani, hatuna haja ya mchezo kutufunza habari hiyo. Lakini nilishukuru kwamba haukuwadanganya vijana juu ya mwisho wake.

MLANGO MMOJA, FUNGUO NYINGI

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba vita, pamoja na ustadi wake wote, ni njia moja tu kati ya njia nyingi.

Chukueni mfano wa kijiji cha Shady Sands, cha wakulima wadogo waliojizungushia ukuta wa udongo. Binti wa mkuu wa kijiji ametekwa nyara na majambazi. Mchezaji mwenye bunduki anaweza kuwavamia. Mwenye fedha anaweza kumkomboa. Mwenye ngumi anaweza kumtaka mkuu wa majambazi wapigane wawili tu. Mwenye vidole vyepesi anaweza kunyemelea na kufungua kufuli. Na mwenye ulimi anaweza kuwasemesha majambazi mpaka wakamwachia binti kwa hofu, bila ya tone la damu. Njia gani itamfungukia inategemea zile alama 40 alizozigawa mwanzo, kabla hajajua lolote.

Mji wa pampu nao ndivyo ulivyo. Wenyeji wake ni watu walioungua na miale ya mabomu, ngozi zimewatoka, lakini roho zimo. Huitwa ghoul, na neno hilo Waingereza walilichukua kutoka Kiarabu, ghul, yule zimwi wa jangwani wa hadithi za kale. Mtu anayewatazama kwa macho tu atawapiga risasi. Anayewasemesha atajua kwamba wanamtegemea nani kwa maji, na vyuma vya kutengenezea pampu viko wapi. Kidude kile kile kinachookoa handaki 13 ndicho kilichokuwa kikiwapa hawa maji. Mchezo haumkatazi mtu kukichukua akaondoka. Humwacha afanye, na kiu ya wale aliowaacha nyuma haimhusu mtu mwingine ila yeye.

Hata adui mkuu, ambaye huitwa Master, hashindwi kwa bunduki peke yake. Huyu anaamini kwamba binadamu wote wakigeuzwa majitu ya namna moja, tofauti zitaondoka na vita navyo vitakoma. Mchezaji anaweza kupambana naye kwa silaha kubwa na kupoteza jasho jingi. Lakini mwenye usemi wa kutosha, ambaye pia alijishughulisha kutafuta ushahidi wa kitabibu, anaweza kusimama mbele yake na kumthibitishia kwamba majitu yake ni tasa, hayazai, na kwamba kazi yake yote itakufa pamoja naye. Adui yule husikiliza, hutambua ukweli, na hujiangamiza mwenyewe kwa majuto. Wapo wachezaji waliomaliza Fallout nzima pasi na kufyatua risasi hata moja.

Wahenga wetu walisema ulimi hauna mfupa. Sikutegemea kuukuta ukweli huo ndani ya mchezo wa Kimarekani wa mabomu.

LAKINI MCHEZO HAUONI NIA

Nisije nikaonekana nimelewa sifa. Mchezo huu una mabaya, nayo ni lazima yasemwe.

Kwanza, si wa watoto. Huko Marekani kwenyewe uliwekwa daraja la watu wa miaka 17 na kuendelea. Damu imo kwa wingi, kamari imo, ulevi umo. Katika nakala ya kwanza ya Marekani mchezaji mwovu aliweza hata kuua watoto. Kweli hupachikwa jina baya na watu humwinda kwa hilo, lakini jambo lenyewe liliwezekana. Katika nakala za Ulaya watoto waliondolewa wasionekane kabisa. Mzazi anayemwachia mtoto wa miaka kumi mchezo kama huu asije akalaumu kompyuta.

Pili, na hili ndilo lililonikalia moyoni, mchezo huhesabu matendo ya mtu kama duka linavyohesabu fedha. Ukitenda wema unaongezewa, ukitenda uovu unapunguziwa. Kasoro yake ilionekana wazi katika Fallout 3, uliotengenezwa na kampuni ya Bethesda mwaka 2008 na ambao hadithi yake iko katika magofu ya Washington. Huko mna mji mdogo uitwao Megaton uliojengwa kuzunguka bomu ambalo halijalipuka. Mchezaji anaweza kulitegua, au anaweza kupokea fedha na kulilipua na mji mzima ukateketea. Japani, nchi pekee iliyopigwa kwa silaha hiyo, haikuachiwa chaguo hilo la pili. Liliondolewa katika nakala yake, na silaha moja iliyopewa jina la bomu la Nagasaki ilibadilishwa jina.

Lakini aliyelipua mji huo, mahali ambapo kulipua kunaruhusiwa, anaweza kisha kwenda kwa ombaomba aliyeketi njiani, akampa maji safi leo, akampa kesho, akampa keshokutwa, na hesabu yake ikapanda kidogo kidogo mpaka akaitwa mtu mwema tena. Waliokufa wamebaki kufa. Haki zao hakuna aliyezirudisha, na wala hakuna aliyeombwa msamaha. Sisi tumefunzwa tangu chuoni kwamba amali huenda na nia yake, na kwamba haki ya mja humalizwa na mja mwenyewe. Mashine haina macho ya kuona kilichomo kifuani. Inaona maji yametolewa, basi inaandika.

Nilimweleza mpwa wangu jambo hilo. Akafikiri kitambo, kisha akasema, "Lakini mjomba, mimi ninapoanza upya kwa sababu ya pampu, hakuna hesabu inayonilazimisha. Kidude nilikuwa nacho."

Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amesema kweli. Yale ambayo mashine haiyaoni yalikuwa yakitendeka, lakini upande wa huku wa kioo, kwenye kiti.

SHUJAA ALIYEFUKUZWA

Karibu na Magharibi aliniomba nimngoje amalize, maana alikuwa na akiba ya mchezo wa zamani uliofika ukingoni. Nikauona mwisho wa Fallout.

Mtu yule mwenye nguo za samawati amepata kidude. Amewaondoa maadui waliotaka kulimeza handaki lake. Anarudi nyumbani, na mkuu wa handaki anatoka mlangoni kumlaki. Nilitegemea ngoma na vigelegele. Badala yake mkuu anamwambia kwamba ameokoa maisha ya wote, lakini kuingia hawezi. Amebadilika mno. Vijana watakapomwona watatamani kutoka kama yeye, na handaki litabaki tupu. Kisha mlango unafungwa. Shujaa anageuka, ameinamisha kichwa, anaondoka peke yake jangwani.

Tangu mwaka 1997 michezo mingine mingi imefuata kwa jina hilo, na mwaka 2024 Fallout ilifanywa pia mfululizo wa filamu za televisheni ulioonekana sehemu nyingi za dunia. Lakini wachezaji wakongwe bado wanauzungumza mwisho ule wa kwanza. Hawakuusahau, kwa sababu hawakuutazama kwa mbali. Mtu aliyefungiwa mlango walimjenga wao, alama kwa alama.

Mpwa wangu alizima kompyuta. "Mjomba," akaniuliza, "kwa nini wamfukuze, na yeye ndiye aliyewaletea maji?"

Nilimfikiria. Ni kijana aliyemaliza shule, anayetembea na vyeti vyake katika bahasha kutoka ofisi hii hadi ile, na kila siku hurudi nyumbani milango imefungwa. Nikajua haulizi habari za mchezo tu.

Nikamwambia wazee walinena tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Lakini nikamwambia pia kwamba wakubwa wa handaki lile walikosea. Mji unaomwogopa kijana wake aliyekwenda mbali akarudi amejua mambo, umejifungia wenyewe gizani.

Tulipotoka chumbani dada yangu alikuwa na birika mkononi. "Haya kaka, umemwonya?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba mchezo una kiasi chake, na sala zina wakati wake, na hayo mawili tumekwisha agana na kijana. Lakini kompyuta asiiuze. Nikamshauri siku moja avute kiti akae naye, amwulize mtu wake amemjengaje, ameipa akili alama ngapi, na kwa nini. Atajua kuhusu mwanawe mambo ambayo kwa kubisha mlango peke yake hatayajua.

Dada yangu alinitazama kama mtu aliyerogwa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Hiyo pampu niliyosikia mkiisema," akauliza, "uliitengeneza?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi ukimaliza njoo utazame na mfereji wetu wa uani," alisema, akatumiminia kahawa.